Waombaji kazi wanapotuuliza sisi

Juma lililopita nilikaa upande wa wasaili katika ofisi yetu hapa Dar es Salaam, na kilichonishangaza ni kwamba waombaji wengi hawakuanza na mshahara. Dada mmoja, mhasibu, alifungua simu yake na kutuonyesha taarifa ya michango yake ya NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, yenye miezi mitupu, ingawa mwajiri wake wa zamani alikuwa akimkata kila mwezi. Kisha akauliza kwa upole kama sisi tunawasilisha kwa wakati ile asilimia 20 ya mshahara, yaani sehemu yake pamoja na yetu. Swali la haki kabisa. Wengine walitaka kujua kama likizo ya siku 28 huchukuliwa kweli au hubaki kwenye karatasi, na kijana wa tehama aliuliza iwapo ujumbe wa bosi kwenye kundi la WhatsApp saa nne usiku unahesabika kuwa kazi. Mwenzangu aliguna, akaona ni jeuri. Mimi naona kwamba mtu anayeuliza hayo kabla ya kutia saini mkataba anakusudia kudumu. Mhasibu tumempa nafasi, nami nimeomba stakabadhi zetu zote za michango ya mwaka huu nizikague kabla hajaripoti.