Geuza kazi tuone nyuma

Jumamosi, katikati ya Julai

Baridi ya Nairobi mwezi huu iko hadi kwenye gundi. Kipande kilichopakwa gundi nyeupe jana jioni bado kinanata leo saa nane mchana. Januari kingekauka kwa saa chache tu, lakini Julai na wingu lake, kiache usiku mbili, na usijaribu kukipiga pasi kikiwa kibichi: gundi inaenda kwenye pasi na pasi inaenda kwenye leso inayofuata.

Hapa mezani tunapokaguliana kazi za kushona kwa mkono, kazi haisifiwi kabla haijageuzwa. Nyuma ndiko unakoona uzi umevutwa kiasi gani, mafundo yamekaa wapi, na kama tabaka la chini lilifuatana na la juu au liliachwa njiani. Nimezipitia kazi za leo moja moja, na karibu zote zilizokwama zimekwama kwa sababu ileile. Mkono ni mzuri. Ni vitu viwili vilivyoshonwa pamoja ambavyo havirudi sawa vikifuliwa, havinyumbuki sawa, wala havinywi maji sawa.

Mfano ni lile shuka la leso kuukuu. Tabaka tatu, zimeshonwa bandi ndogondogo (vishono vya kupitisha sindano juu na chini) kutoka ukingo hadi ukingo, kama wanavyofanya Bengal, huko India na Bangladesh, kwa sari zilizochakaa. Leso inafaa sana kwa hili: ukubwa wake ni kama sm 150 kwa 110, pindo linakupa fremu bila kupima, na ikishafuliwa miaka kumi wanga wote umetoka, sindano inapita kama kwenye siagi. Juu na chini zilikuwa kuukuu, katikati ikatiwa mpya kwa sababu ndiyo iliyokuwapo.

“Dada, hii ya katikati uliifua?”

“Niliiloweka tu.”

Kuloweka hakutoshi. Leso mpya ifuliwe kwa maji moto mara mbili, ikauke kabisa, ndipo ikatwe. Hii ilirudi ndani baada ya kushonwa, na tabaka la juu likabaki na nafasi lisiyoihitaji; sasa limejaa makunyanzi kati ya mistari. Kufumua haifai, kwa sababu kitambaa kichakavu hakizibi matundu yake. Ushauri wangu ni kulifua shuka zima tena kwa maji moto ili makunyanzi yaenee pote. Yakiwa sehemu moja ni kosa, yakienea ni sura ya kazi.

Kabla ya kushona, shikiza tabaka kwa bandi za hatua kubwa kila baada ya sm 10, ukianzia katikati kwenda nje. Ukianzia ukingoni, ulegevu wote unasukumwa katikati na hauna pa kutokea. Kisha kishono mm 3, nafasi mm 3, mstari hadi mstari mm 6 au 7. Beba vishono vinne au vitano kwenye sindano kwa mara moja, vuta, halafu pitisha kidole gumba juu ya mstari mpaka uone uzi umelala bila kukaza. Mstari mmoja uende kulia, unaofuata urudi kushoto. Ukishona yote upande mmoja, shuka linaanza kupinda, na hutaligundua mpaka uliweke mezani.

Uzi uwe wa pamba. Ule wa poliesta wa cherehani ni imara kuliko leso yenyewe, na siku kitu kikivutwa, kinachokatika ni kitambaa. Rangi nyekundu ijaribiwe kwanza: lowesha kidogo, funika na pamba nyeupe, kandamiza pasi. Ikiacha alama kwenye nyeupe, itaacha alama kwenye kazi.

Kilichonifurahisha kwenye shuka hili ni jina, yaani maneno yaliyoandikwa kwenye leso. Leso ya juu iliandikwa methali nzima, MGENI NJOO MWENYEJI APONE, na mistari ya bandi imepita juu ya maneno yote kwa uzi wa rangi ya mji (sehemu ya katikati ya leso, ndani ya pindo) isipokuwa neno APONE, ambalo limezungukwa tu. Kwa mbali huoni kitu. Ukikaribia unasoma neno moja. Mimi huwa sipendi leso ikikatwa ikapoteza jina, na hapa hakuna kilichokatwa.

Kazi ya pili ni pakiti ya unga wa mahindi ya kilo 2, ile ya karatasi, imeshonwa juu ya merikani, kile kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi. Karatasi hiyo ni nzuri kuliko ya gazeti. Nyuzi zake ni ndefu na haichaniki ovyo. Lakini vishono vilikuwa mm 2, na karatasi ikiwa na matundu ya karibu hivyo inachanika kwenye mstari kama stempu. Ipe mm 4 au 5. Kwanza ibandike kwenye kitambaa chepesi cha pamba kwa gundi nyeupe iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, ipake kutoka katikati, kandamiza kwa kitambaa kikavu, uache (Julai, usiku mbili). Toboa matundu yote kwa sindano isiyo na uzi, ukiweka kipande cha maboksi chini, ndipo ushone. Na uamue kabla ya kutoboa, kwa sababu tundu la karatasi halifutiki.

Shanga: uzi wake ulikuwa umekatika sehemu mbili. Ukingo wa tundu la shanga hukata uzi polepole. Pitisha uzi kwenye nta ya nyuki, pita kila shanga mara mbili, na funga fundo nyuma kila baada ya shanga tano, ili uzi ukikatika upoteze tano na si mstari mzima. Waya wa shaba usiupitishe ndani ya kitambaa. Ulaze juu na uushikize kwa vishono vidogo vya kukatisha.

Kipande cha gome la mutuba, kile kitambaa cha Uganda kinachopondwa na si kufumwa, kimechanika pembeni. Hakina uzi wa wima wala wa ulalo wa kushika mshono, kwa hiyo uukaribiapo ukingo, kinafunguka. Kaa sm 1 ndani, weka pamba nyembamba nyuma, na legeza mkono. Sindano nene inakata nyuzi, nyembamba inazisukuma kando.

Mwisho, bunda la kutu. Misumari yenye kutu imefungwa ndani ya merikani iliyochemshwa kwenye majani ya chai, ikanyunyiziwa siki. Chai ikikutana na chuma inatoa kijivu hadi karibu nyeusi, na hapo watu hupenda kuongeza siku ili rangi ikolee. Wasiongeze. Kutu inaendelea kula pamba hata baada ya kazi kutundikwa ukutani. Saa 24 zatosha, halafu suuza, loweka nusu saa kwenye maji lita moja na kijiko kimoja cha magadi, suuza tena mpaka maji yatoke meupe. Eneo lenye kutu nzito lisibebe shanga wala waya.

Bunda lenyewe liko ndani ya nailoni ya mkate ili lisikauke. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku 2017, nailoni za mkate zimekuwa mali hapa, zinaoshwa na kuanikwa kamba moja na leso. Lilifungwa leo saa tisa, kwa hiyo kesho saa tisa mtu lazima awepo kulifungua, hata kama ni Jumapili.