Kumbukumbu ya mradi: kuutafuta umeme unaopotea kwenye Hilux ya zamani

Gari ni Toyota Hilux LN106 ya miaka ya 1990, yenye injini ya dizeli iitwayo 3L, ya lita 2.8 na umeme wa volti 12. Kabla halijafika kwangu lilikuwa likibeba dagaa kutoka Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza, na jua likiwa kali bodi ya nyuma bado inalikumbusha hilo. Taa kubwa zilikuwa hafifu kiasi kwamba barabara ya Musoma usiku, kuanzia Kisesa kwenda Magu, haikupitika kwa amani. Nikikanyaga breki taa ndogo zikiwa zimewashwa, taa ya nyuma kushoto ilififia badala ya kuongeza mwanga, huku indiketa ikiwaka nusunusu. Tena, gari likikaa siku kadhaa bila kuwashwa, stata ilikuwa inagoma.

Fundi wa kwanza kulitazama alisema, "Alteneta imechoka, mzee wangu, tuibadilishe." Alteneta ndiyo inayochaji betri injini ikiwaka, nami niliomba tupime kwanza. Betri iliyopumzika usiku kucha ilisoma volti 12.6, na injini ilipowashwa pamoja na taa zote ikapanda hadi 14.1. Alteneta inayotoa kiasi hicho haina deni na mtu, kwa hiyo tukaiacha mahali pake.

Jambo ninalosisitiza katika mradi huu ni kwamba waya hupimwa ukiwa kazini. Waya uliobakiwa na uzi mmoja wa shaba utaonyesha volti 12 kamili, na hata kipimo cha omu, yaani cha ukinzani wa waya, kitausifu, kwa sababu mita haivuti umeme wa kutosha kuusumbua. Ukiwasha taa mbili za wati 55, ambazo kwa pamoja huvuta takriban ampea 9, ndipo uzi ule unaposhindwa. Vipimo vyote vya taa nilivichukua zikiwa zinawaka, ncha moja ya mita ikiwa kwenye ethi ya taa, yaani njia ya kurudishia umeme kwenye betri, na nyingine kwenye hasi ya betri. Ethi nzuri husoma chini ya volti 0.2. Taa ya nyuma kushoto, breki ikiwa imekanyagwa, ilisoma 3.4.

Nikasogeza ncha kidogo kidogo. Kati ya chesisi na hasi ya betri mita ilisoma 0.05, na kati ya bodi ya nyuma na chesisi haikuzidi hapo. Upotevu wote ulikuwa kwenye boliti moja inayoshika waya mweupe wenye mstari mweusi, rangi ambayo Toyota huitumia kwa ethi. Bodi iliwahi kupakwa rangi upya na boliti ikarudishwa juu ya rangi, hivyo umeme ulipita kwenye meno ya boliti pekee, nayo yalikuwa na kutu. Nilipochuna plastiki ya waya, shaba ilikuwa ya kijani na ikasagika kama unga kwa urefu wa kidole. Umeme wa breki, ukikosa njia hapo, hurudi kinyume kupitia balbu za taa ndogo na indiketa, na ndiyo sababu taa zile zilikuwa zikigombana.

Wengi hapa Mwanza hulilaumu ziwa, lakini maji ya Viktoria ni matamu, hayana chumvi ya kula chuma kama upepo wa Tanga. Mimi nalaumu maji yaliyochuruzika kutoka kwenye mizigo.

Nilipiga msasa hadi chuma kikang'aa, nikakata waya hadi kwenye shaba nzima, nikabana kichwa kipya cha waya, kisha nikapaka grisi juu yake. Kipimo kikashuka hadi chini ya volti 0.2.

Taa kubwa zina desturi yake, nayo huwachanganya mafundi waliozoea magari mengine. Katika Hilux hizi chanya hufika kwenye taa moja kwa moja kupitia fyuzi, na swichi ya usukani huunganisha upande wa ethi. Ndiyo maana taa ikiwa imezimwa utakuta volti 12 pande zote mbili za balbu na kudhani kuna shoti. Balbu zilikuwa zikipata volti 10.4 tu, na sehemu kubwa ya upotevu ilikuwa ndani ya swichi iliyochakaa. Balbu inayopata volti 10 badala ya 13 hupoteza zaidi ya nusu ya mwanga wake. Nimefunga rilei mbili (swichi zinazoendeshwa na umeme mdogo ili kupitisha mkubwa) na fyuzi karibu na betri, na swichi sasa inaziamuru rilei tu. Balbu zinapata 13.5.

Limebaki tatizo la stata kugoma gari likikaa siku kadhaa. Mita iliyoungwa kwenye hasi ya betri, funguo ikiwa imetolewa, ilisoma ampea 0.19, wakati gari la aina hii halipaswi kuzidi 0.05. Nilipochomoa fyuzi iliyoandikwa DOME, inayolisha taa ya ndani, saa na kumbukumbu ya redio, ikashuka hadi 0.02. Taa ya ndani nimeitoa balbu na kipimo hakikubadilika, kwa hiyo namshuku aliyefunga redio, maana nyaya zake zimesokotwa kwa mkono na kuzungushiwa selotepu. Hadi nitakapofungua dashibodi, fyuzi hiyo inakaa nje na saa haifanyi kazi.