Kilo Hamsini na Mbili

Papa alikuwa mtu wa mizani. Kampuni yao ya mizigo hapa Goma, mashariki mwa Kongo, ilikuwa ndogo, ndege mbili tu za Let 410, viti vyote vimeng'olewa, na kazi yake ilikuwa kupima kila kinachopanda: mifuko, kreti za bia, magodoro, hata watu. Uwanja wa ndege wenyewe ulikuwa umekatwa upande wa kaskazini na lava ya volkano ya Nyiragongo ya Januari 2002. Kwa hiyo ndege iliyozidishwa uzito haikuwa na njia ya ziada ya kurukia ya kuisamehe. Mbele ni makoro, mawe ya lava iliyoganda, nyuma ni nyumba za watu.

Likizo ya 2008 nilimsumbua mpaka akakubali kunipeleka Walikale, eneo la machimbo msituni. Tuliondoka asubuhi na mchele, sabuni na buti za mpira. Baada ya nusu saa hivi ya msitu mtupu, niliona chini kipande cha lami, na watu wakifukuza pikipiki na mbuzi. Hapo ndipo tuliposhuka, Kilambo, katikati ya barabara ya magari! Mabawa yalipita juu ya majani ya pande zote mbili.

Kando ya lami mifuko ilikuwa imepangwa: kasiterite ya mgodi wa Bisie, mawe ya kutengenezea bati. Mfuko mmoja ni kilo hamsini hivi, na kutoka mgodini watu waliubeba mgongoni, mwendo wa siku mbili porini. Ilikuwa mizito kuliko nilivyodhani. Nilijaribu kuinua mmoja nikashindwa hata kuusogeza.

Papa alipima mifuko yote, akaandika. Kisha akaniita.

"Panda na wewe."

Mizani ikasimama kwenye 52. Akamwonyesha rubani, Mukraine aliyejua maneno machache ya Kiswahili, na "kilo ngapi" yalikuwa ya kwanza. Rubani akatikisa kichwa. Papa akateremsha mfuko mmoja.

Mwenye mfuko alikuwa kijana, labda ananizidi miaka mitano, mabega yamechubuka. Hakupiga kelele.

"Muzee, mtoto atarudi kesho. Huu mufuko nimeubeba mimi mwenyewe."

"Mtoto hana pa kulala huku," Papa akajibu. "Na ndege haiongezwi hata kilo moja."

Wengine walicheka, wakasema kilo hamsini ni nini. Lakini nilikuwa nimeshaona makampuni mangapi ya Goma yakipoteza ndege, na Papa alikuwa amezika marafiki. Nilipanda kimya. Ndege ilipogeuka, kijana yule alikuwa amekalia mfuko wake.

Kampuni ilikufa miaka miwili baadaye. Septemba 2010 Rais Kabila alisimamisha uchimbaji wa madini katika majimbo ya Kivu zote mbili na Maniema. Marufuku iliondolewa Machi 2011, ila miezi ile sita ilitosha: mishahara ilikatika, marubani wakarudi kwao. Papa alileta mizani nyumbani badala ya mshahara wa mwisho.

Watu wakiuliza habari za kampuni ile, mimi husimulia kesho yake ya Kilambo. Papa alipanda ndege ya kwanza, akamkuta kijana palepale barabarani, akarudi na mfuko ule. Gharama ya kilo zake alilipa yeye, na Mama hakuambiwa.