Imemezwa au imenata tu?

Kwa wiki tatu daftari langu la maabara lilisema uongo. Nilikuwa nikizipa seli za epithelia, zile zinazofunika nyuso za mwili, CNF1, sumu inayotolewa na baadhi ya aina za Escherichia coli, zikiwemo za maambukizi ya njia ya mkojo. Kumeza seli zinazokufa tumezoea kuiachia makrofaji, seli ya kinga inayosafisha mwili, lakini sumu hii huitia ulafi hata seli ya epithelia.

Protini ya Rho ndani ya seli ni kama swichi: huwaka, kisha hujizima. CNF1 hugeuza glutamini, asidi amino iliyo nafasi ya 63 kwenye mnyororo wake, kuwa asidi ya glutamiki, na swichi haizimiki tena. Ndugu zake, Rac na Cdc42, hupatwa na hayo hayo kwenye nafasi ya 61. Aktini, nyuzi zinazoipa seli umbo, inajipanga upya, utando unafanya mikunjo, seli inaanza kugugumia kimiminika pamoja na chochote kilichomo.

Tatizo langu lilikuwa kuhesabu. Seli iliyonata juu na iliyomezwa zinafanana mno kwenye darubini, na kwa wiki hizo tatu nilizihesabu pamoja. Basi seli zinazokufa nikazitia rangi ya kijani na kuzibandika biotini, molekuli ndogo ya kuwa alama. Baada ya kuzilisha zile za epithelia, nikamwaga streptavidini nyekundu, protini ambayo hushika biotini lakini haipenyi utando usiotoboka. Ya nje ingekuwa na rangi zote mbili, iliyomezwa kijani tupu.

Kila mahali pakawa pekundu. Nikabadilisha chupa, nikailaumu biotini, mpaka mwenzangu akauliza: "Hiyo nyekundu unaiweka kwenye joto gani?" Nyuzi 37. Walafi wangu walikuwa wanainywa na rangi yenyewe! Mimi niliyewapa ulafi huo sikuwa nimeliwaza.

Siku iliyofuata nikaweka sahani juu ya barafu, maana kwenye baridi seli huacha kumeza. Nikaosha, nikatia rangi, nikaosha tena, ndipo nikazikaza kwa fomaldehaidi. Kijani tupu zikaonekana, chache kuliko nilizoandika awali. Penye CNF1 iliyobadilishwa asidi amino ya 866, sisteini, ambayo haina makali tena, nyekundu ilibaki karibu kwa zote. Vivyo hivyo nilipotia saitokalasini D, inayozuia aktini kujijenga.

Kurasa za wiki tatu sikuzichana. Nilizipiga mstari na kuandika pembeni: zilizonata zimehesabiwa humu.