Nambie bei kabla hujashika spana

Hivi kuandika bei kwenye kijikaratasi ukakibandika kwenye tairi ni kazi gani? Nauliza kwa uzuri tu. Supamaketi wanaandika, duka la mtaani wanaandika, mama wa viazi vya karai anakutajia bei hata hujauliza, lakini ingia duka la baiskeli hapa Mombasa uulize tyubu ya inchi 26 ni ngapi, uone mtu anavyokuangalia kuanzia viatu mpaka kichwani kabla hajafungua mdomo. Anapiga hesabu huyo, na hesabu yenyewe si ya tyubu, ni yako wewe.

Mimi baiskeli ndo usafiri wangu wa kazini. Natoka Bombolulu, nashuka daraja la Nyali, naingia kisiwani kabla jam haijashika. Navaa helmeti na ile vesti ya kung'aa kwa sababu nataka kuishi, matatu za barabara ile mnazijua. Sasa helmeti hiyohiyo madukani imekuwa kama kibandiko cha "huyu ana pesa". Niliulizia tyubu duka moja hapo mjini nikaambiwa 650, "orijino hii bosi wangu". Nikatoka, nikamtuma jirani yangu anayeuza madafu, yeye na kandambili zake, akauziwa tyubu ileile, boksi lilelile, 350. Wala hakuomba kupunguziwa, ndo bei ya kwanza aliyotajiwa.

Na nisieleweke vibaya, mi mtoto wa hapahapa, najua biashara ya kwetu ni maneno. Marikiti tunavutana bei za embe mpaka tunacheka, na muuzaji akinishinda namwambia haya umenipata leo. Lakini embe naliona, nalibonyeza, nalinusa, najua. Spea ya baiskeli watu wengi hawaijui, na huwezi kuvutana bei ya kitu usichokijua na huku gurudumu lako limeshatolewa limelazwa sakafuni.

Hapo kwenye kulazwa sakafuni ndo penye ugomvi wangu mkubwa. Hawa watu wanafungua kwanza, bei baadaye. Umeenda na kebo ya breki imekatika, kitu cha dakika kumi, kijana anaipokea baiskeli kwa heshima zote, "karibu kaka, kaa hapo", wewe unaangalia simu kidogo, kuinua macho gurudumu la nyuma liko nje na gololi zishamwagwa kwenye kikopo cha maziwa. "Kaka hii habu imekwisha," yaani kile kitovu cha gurudumu chenye gololi. Imekwisha vipi na mi nimekuja nayo nikiendesha? Lakini utafanya nini, utazibeba gololi mfukoni urudi nazo Bombolulu kwa miguu? Ukiuliza itakuwa ngapi unaambiwa "usijali, tutaongea". Mwenzangu, ukisikia tutaongea jua imekula kwako. Mi niliongeleshwa mpaka 2,800, na kebo ndani yake ni kitu kidogo sana.

Halafu kazi yenyewe sasa. Walinioshea baiskeli kwa ile mashine ya presha ya kuoshea matatu, wakaipiga maji mpaka kwenye habu na kwenye ekseli ya pedeli, grisi yote ikatoka nje maji yakaingia ndani. Wakamalizia kwa kuimwagia cheni oili chafu iliyotolewa kwenye injini ya gari. Inang'aa kweli ukiichukua! Ila sisi tunaishi pwani, chumvi iko hewani, mchanga uko kila mahali, na oili chafu inashika mchanga wote ule ikawa ni msasa unaosaga cheni na meno kila unapokanyaga. Cheni ya huku inataka kufutwa kwa kitambaa, mafuta mepesi tone kwa tone, kisha unafuta tena yale yaliyobaki nje. Hilo halihitaji chuo kikuu. Lakini ni kazi ya taratibu, haionekani, na kwa macho yao kastoma hawezi kulipia kitu asichokiona kinang'aa.

Waliniambia pia cheni imekwisha, ninunue ya 1,200. Nikasema ngoja kwanza. Kuna mzee mmoja fundi hukaa chini ya mwarobaini kule kwetu, hana duka, ana sanduku la mbao na besheni la maji ya kutafutia pancha. Yule mzee hakuniambia imekwisha wala haijaisha, alitoa rula. Cheni yoyote ya baiskeli, pini mpaka pini ni nusu inchi, kwa hiyo pini ya kwanza mpaka ya ishirini na tano ikiwa mpya ni inchi 12 kamili. Ikizidi kwa 1/16 ya inchi tafuta cheni nyingine, ukiiacha mpaka ikazidi 1/8 basi meno ya nyuma nayo yameshaliwa utanunua vyote. Yangu ilikuwa bado hata haijafika hiyo 1/16. Akanionyesha mwenyewe kwa ukucha, "angalia hapa kijana wangu". Akanisafishia, akanitoza 100, na hiyo 100 alinitajia kabla hajagusa chochote.

Watu wa madukani wakisoma hapa watasema aa, huyo mzee halipi kodi ya nyumba, halipi leseni ya kaunti, hana stoku. Kweli kabisa, nakubali. Duka lazima liwe ghali kumshinda, na mi niko tayari kulipa zaidi. Nnachokataa ni kulipa zaidi halafu nisiambiwe ni ngapi na nisipimiwe.

Na hii ya stoku ina vituko vyake. Mwenye duka mmoja niliongea naye vizuri tu siku moja akaniambia spea zake zinateremka hapa Kilindini, zinapandishwa reli mpaka Nairobi kwa aliyeagiza, halafu yeye anazinunua huko jumla zinarudi Mombasa kwa basi. Yaani kitu kimepita mbele ya mlango wake kikaenda Nairobi kikarudi kikiwa na nauli ya kwenda na kurudi. Nilicheka halafu nikamuonea huruma. Hilo si kosa lake hata kidogo. Lakini basi si uniambie hivyohivyo, kuliko kuniapia wallahi ni dola imepanda.

Sasa tuje kwa yule jirani yangu wa madafu, maana yeye bei alipata nzuri lakini siku nyingine akapatwa na kubwa zaidi. Baiskeli yake ni blekmamba, zile nzito za chuma za keria kubwa. Tairi la nyuma likapasuka, akaenda dukani akasema nataka tairi la 28. Akapewa la 28. Kufika nyumbani haliingii. Tukavuta, tukapaka sabuni, haliingii. Nikaangalia maandishi ya ubavuni, limeandikwa 28 kweli lakini pembeni kuna 622, na rimu ya blekmamba ni 635. Hizo ni milimita za kipenyo cha pale tairi linapokalia rimu. Zote mbili huitwa 28 na zinatofautiana milimita 13, na kwa tairi 13 ni nyingi mno, halitaingia hata mvute kijiji kizima. Mtu anayeuza matairi kila siku ya Mungu anatakiwa kujua hili kuliko kujua jina la mkewe. Na blekmamba ilikuwa pale nje ya duka siku hiyo, imeegemezwa ukutani, kila mtu anaiona!

Tulirudi wote wawili. Kijana akatwambia vuteni itaingia. Tukamwambia vuta wewe. Akavuta, akachukua spana akalisukumiza nayo, akatoboa tyubu, jasho linamtoka, mwisho akaiacha akatuonyesha ukutani: BIDHAA IKISHAUZWA HAIRUDISHWI. Lile bango bwana! Linaonekana kuliko bei, tena limeandikwa kwa herufi nyekundu. Mtu anayeweza kuandika bango zuri hivyo anashindwa nini kuandika 900 kwenye tairi?

Nikamwambia kijana kwa upole, Katiba yetu ya 2010 kifungu cha 46 kinampa mnunuzi haki ya bidhaa na huduma za ubora unaofaa na haki ya kupewa maelezo anayohitaji, na kuna Sheria ya Kulinda Wateja ya 2012 juu yake, bango lako halifuti hayo. Akanitazama tu. Akasema "bosi hayupo". Bosi wa maduka haya hayupo kamwe, sijui hukaa wapi. Jirani yangu yeye hakutaka kesi, alitaka tairi, maana madafu yalikuwa yanamngoja, na mtu wa kipato cha kila siku ukimwambia rudi Jumatatu umemnyima chakula. Akaongeza pesa akanunua jingine, la 635 safari hii, na lile la 622 liko kwangu barazani mpaka leo, mwenye rimu yake aje tuongee.

Lakini iliyoniuma zaidi ni ya mpwa wangu. Mnajua ikikaribia Idd baiskeli za watoto zinavyopangwa nje ya maduka, zimevikwa nailoni, rangi zote, na bei nazo zinavaa nguo mpya. Dadangu akajikusanya akamnunulia mwanawe. Mtoto akaiendesha asubuhi ya Idd, mchana akaja kwangu, "mjomba, vidole vinagonga tairi". Nikaiangalia. Foku, ule uma unaoshika gurudumu la mbele, imefungwa nyuma mbele. Ile mikono ya foku hupinda kidogo kwenda mbele, sasa yake imepinda kurudi ndani, breki ya mbele inaangalia fremu badala ya kuangalia njia, gurudumu limesogea karibu na pedeli ndo maana kila akikata kona kidole kinagonga. Baiskeli ya hivyo ni hatari, na mtoto ana miaka saba. Aliyeiunganisha alizungusha usukani akaona breki inakamata, akaona imekwisha hiyo, inayofuata!

Ile ya foku niliirekebisha mwenyewe. Pedeli ndo ilinishinda. Pedeli ya kushoto ina nyuzi za kinyume, yaani ile mistari ya skrubu imekatwa upande mwingine, ndo maana huandikwa L na R, na njia rahisi ya kukumbuka ni kwamba zote mbili unakaza kuelekea tairi la mbele. Mtu alizichanganya, akaona haiingii, akailazimisha kwa spana ndefu mpaka ikaingia kwa nguvu ikala nyuzi zote za mkono wa pedeli. Siku ya pili ya Idd ikachomoka mtoto akiwa juu, akachubuka goti na kiwiko, alhamdulillahi hakuwa barabarani. Dadangu akairudisha. Wakamwambia mtoto ameiharibu, anapanda vibaya. Mtoto wa miaka saba ana miguu ya kutoa nyuzi kwenye chuma? Na maskini dadangu alikuwa peke yake, hajui nyuzi za kinyume ni nini, wakamzungusha maneno mpaka akaona aibu akaondoka. Bado ni bei ya Idd ile, hakupunguziwa hata mia.

Nilienda nikaongea nao na wakabadilisha mkono wa pedeli, bure, bila neno. Hilo nalo linaniudhi mpaka leo. Nyuzi zilikuwa zilezile na maneno yaleyale, ila mwanamume kaja anataja L na R wakanyamaza. Kwa hiyo ukiwa huna mtu anayejua baiskeli nyumbani kwenu, wewe unanunua bidhaa tofauti na mimi.

Siku hizi naanza na simu. Napiga picha ubavu wa tairi pale penye namba, au meno ya nyuma, natuma WhatsApp maduka mawili matatu, bei gani? Sina uso, sina helmeti, wananijibu mimi na muuza madafu sawasawa. Wengine hawajibu kabisa, wengine wanasema "njoo tu kaka tutaongea", hao nawafuta. Likija la fundi nakaa papohapo na baiskeli, nasema nataka kebo tu, ukiona kingine nambie kwanza nije nikione. Kuna wanaokasirika. Kuna mmoja upande wa Mwembe Tayari hakukasirika, ana kipande cha katoni kimeandikwa kwa kalamu: pancha, kebo, kunyoosha rimu, kufungua habu na kupaka grisi, kila kitu na bei yake, na kuna moja imefutwa imeandikwa upya juu zaidi, imepanda. Huyo si rahisi, pancha yake ni ghali kumshinda mzee wa mwarobaini mara mbili. Lakini foleni yake uione asubuhi.

Kitu kimoja tu hana, frihwili ya gia saba, yaani yale meno ya nyuma, ile ya kuskuruu. Nikiulizia mjini nazungushwa, na fundi wengi hawana kifaa chake cha kufungulia wanataka kuigonga kwa nyundo na tindo, sitaki. Anayejua inakouzwa hapa kisiwani, au hata Changamwe au Likoni, aniandikie hapo chini. Na aweke bei.