Jinsi nilivyopata prosesa moja ya gemu na ya kurenda video

Kompyuta yangu, iliyokuwa na prosesa ya Ryzen 5 2600 yenye kori 6 (sehemu zake zinazofanya kazi), ilikwamakwama kila nilipocheza gemu, na ilipokuwa inarenda video, yaani kutoa faili la mwisho baada ya kuhariri, sikuweza kuifanyia kazi nyingine yoyote. Niliongeza RAM, kisha nikapunguza ubora wa picha, lakini hali ilibaki palepale. Nilipotazama kipimo cha matumizi katikati ya mchezo ndipo nilipoona kuwa kadi ya grafiki inatumika nusu tu, huku prosesa ikiwa imeelemewa.

Nilipotafuta prosesa mpya, nilibaki na mbili zinazoingia kwenye soketi ileile ya AM4, yaani tundu la prosesa kwenye ubao mama: Ryzen 7 5800X3D, yenye kori 8 na kumbukumbu ya kashe (ya kasi, iliyo ndani ya prosesa yenyewe) ya MB 96 inayozifaa sana gemu, na Ryzen 9 5900X, yenye kori 12 na nyuzi 24 (mikondo ya kazi inayokwenda kwa wakati mmoja), ambazo programu ya kurenda huzigawia kazi zote kwa pamoja. Kwa kuwa saa zangu nyingi ni za kuhariri, nilichukua ya pili.

Nilipoifunga, feni zilizunguka lakini skrini ikabaki nyeusi. Niliitoa na kuirudisha mara mbili bila mafanikio. Kilichosaidia ni kurudisha prosesa ya zamani, kusasisha BIOS, yaani programu ya ubao mama inayowasha kompyuta na kuitambua prosesa, kwa faili lililokuwa kwenye flashi, kisha kufunga mpya. Tafadhali, kagua toleo la BIOS, lililoandikwa kwa herufi ndogo kwenye ukurasa wa kwanza wa mipangilio, kabla hujalegeza skrubu hata moja. Sasa ninarenda huku nikiendelea kuandika, na gemu hazikwami tena.