Msingi kwanza: nilivyojenga nguvu kabla ya kufikiria sindano

Nilijiwekea sharti kabla sijakubali hata kuuliza bei ya sindano ya testosteroni, homoni ya kiume inayokuza misuli. Nina kilo 70. Nikasema: siku nitakapochuchumaa na kuinuka mara tano mfululizo na kilo 105 mabegani, nikanyanyua 140 kutoka chini, nikasukuma 85 kwenye benchi, nikajivuta kwenye bomba mara kumi na mbili bila kujirusha, ndipo nitakaa niamue kama kuna kitu cha kuongeza. Namba hizo si za ajabu. Kijana mzima wa afya, anayekula na kulala vizuri, anazifikia kwa mazoezi ya mpangilio. Nilizichagua kwa sababu hiyohiyo: kama bado sijafika hapo, kinachopungua kwangu si homoni.

Sharti hilo lilihitajika, maana katika jimu nyingi za mitaani hapa Dar es Salaam dawa haiko mbali. Jamaa aliyenishauri kuchoma ni mtu mwema, na hakunilazimisha. Aliniambia, "Mdogo wangu, utahangaika na vyuma mpaka lini? Choma hii, miezi mitatu tu unafumuka."

Kufumuka ungefumuka kweli, na hapo ndipo penye mtego. Mwaka 1996 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa Marekani na Shalender Bhasin na wenzake. Wanaume 43 waliokwisha kuzoea vyuma waligawanywa makundi manne kwa wiki 10, na waliopewa dawa walidungwa miligramu 600 za testosteroni kila wiki, wakati mwili wa mwanamume hutengeneza miligramu chache tu kwa siku. Waliofanya mazoezi bila dawa waliongeza takriban kilo 2 za mwili usio mafuta. Waliodungwa dawa wakakaa bila mazoezi waliongeza takriban kilo 3. Waliofanya vyote viwili, takriban 6. Nilirudia kusoma sehemu ya hao waliokaa tu. Kama dawa peke yake inaongeza nyama, basi anayechoma mapema hawezi kujua mazoezi yake yana kasoro gani. Anachuchumaa nusu, halali, anakula chipsi, na bado kioo kinamsifu. Siku akiacha, hana ufundi wa kubaki nao.

Mimi nilitaka ufundi kwanza. Kazi ya mwanzo ikawa kujua ninabeba nini. Jimu yetu ni banda la mabati. Pleti nyingi amezichomelea fundi wa mtaani, nyingine ni saruji iliyomiminwa kwenye makopo ya rangi. Hakuna aliyejua uzito wake halisi. Watu walisema "nimepiga mia" kwa kukadiria. Tukazibeba hadi kwa mnunuzi wa chuma chakavu aliye jirani, tukazipima moja moja kwenye mizani yake na kuziandika kwa rangi nyeupe. Kuna jozi ilikuwa imepishana karibu kilo mbili, na watu walikuwa wanaisukuma kila siku huku wakilalamika bega la upande mmoja. Kisha nikamwomba fundi atukatie vipande vya nusu kilo na vya kilo moja na robo, kwa sababu pleti yetu ndogo kabisa ilikuwa ya kilo tano. Kumrukisha mtu kilo kumi kwa mara moja kwenye benchi ni kumkwamisha tu. Hivyo vipande vilinisaidia kuliko kitu kingine chochote nilichonunua, na naviomba viwepo kila jimu.

Programu yenyewe ilikuwa rahisi. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Skwati, yaani kuchuchumaa na chuma mabegani, kila siku ya mazoezi, seti tatu za marudio matano, benchi na kusukuma juu ya kichwa kwa kupokezana, dedilifti (kunyanyua chuma kutoka chini) seti moja nzito, kujivuta mwishoni. Kila nilipomaliza seti zote kwa ufundi sahihi, skwati ilipanda kilo mbili na nusu safari iliyofuata. Wiki za mwanzo namba hupanda haraka, kwa sababu neva zinajifunza kuiamsha misuli iliyopo, hata kabla haijanenepa. Baadaye mwendo hupungua. Nilipokwama nilishusha uzito kwa asilimia kumi na kupanda tena, na ngazi ilipokuwa ngumu nikaanza kuongeza mara moja kwa wiki. Yote yaliandikwa kwenye daftari: uzito, marudio, usingizi wa jana yake.

Na kuna kano. Hizi kamba zinazofunga msuli kwenye mfupa hupata damu kidogo, hivyo hukomaa polepole kuliko msuli wenyewe. Mwaka wa kwanza wa vyuma ni wa kuzipa muda. Anayeukuza msuli kwa dawa akiwa bado mchanga anaipa kano mzigo ambao haijajiandaa nao, kisha tunamwona ameshika kiwiko au amechanika kifua. Mimi viwiko vilipoanza kunong'ona nilipunguza seti za benchi na kuongeza kuvuta, na sikuona haya.

Chakula kilihitaji hesabu kuliko pesa. Kwa anayejenga misuli, gramu 1.6 za protini kwa kila kilo ya mwili kwa siku ni lengo zuri; kwangu ni kama gramu 112. Yai moja lina kama gramu 6. Nusu lita ya maziwa ina kama 16. Gramu mia za maharage makavu, kabla ya kupikwa, zina zaidi ya 20. Dagaa wakavu ndio hazina yetu: karibu nusu ya uzito wao au zaidi ni protini. Asubuhi mayai na maziwa. Mchana kwa mama ntilie niliomba nipunguziwe wali, niongezewe maharage. Jioni ugali, dagaa au samaki. Unga wa protini wa kopo sikuununua. Ramadhani nilifanya mazoezi baada ya tarawehe, nikabaki kwenye uzito uleule bila kudai kupanda. Mwezi ukiisha nguvu ilikuwa ipo.

Nilipima pia damu, na hili nalisisitiza kwa yeyote, hata ambaye ameshaamua kuchoma. Presha, wingi wa damu, mafuta, ini, na testosteroni inayopimwa asubuhi kwa kuwa ndipo huwa juu. Dawa hizi hushusha mafuta mazuri, huifanya damu iwe nzito, huweza kunenepesha ukuta wa moyo, na nyingi za vidonge huumiza ini. Ubongo ukiona homoni imejaa kutoka nje huacha kuziagiza korodani zifanye kazi. Zinasinyaa, mbegu zinapungua, na kurudi kunaweza kuchukua miezi mingi. Kijana wa miaka ishirini anayetaka watoto baadaye anastahili kuambiwa hivyo kabla ya bei.

Waliotangulia pia wananipa moyo. John Grimek alinyanyua vyuma kwenye Olimpiki ya Berlin 1936, kisha akashinda taji la kutunisha misuli la Mr. America 1940 na 1941. Steve Reeves alilipata taji hilo 1947. Vidonge vya Dianabol, dawa ya kukuza misuli, viliingia sokoni Marekani 1958, baada ya mataji yao yote hayo.

Namba zangu zilitimia moja moja; dedilifti ilitangulia, benchi ikachelewa kuliko zote. Nikakaa kama nilivyoahidi, daftari mezani na majibu ya damu kando yake. Presha nzuri, homoni ndani ya kiwango, skwati bado inapanda, na mimi na mke wangu tunataka mtoto. Nikamwambia jamaa yangu, "Kaka, nashukuru, lakini bado napanda." Akaniomba nimsaidie kupanga skwati yake, maana goti lilikuwa linamsumbua. Tulianza na chuma kitupu, na akakubali kushuka mpaka chini kabla hatujaongeza pleti yoyote. Lengo langu jipya la skwati ni 125.